Ubeti wa Tatu Bila Maman Béa

Maman Béa,

Ukiona mwandiko huu utajua ni mimi hata kabla ya kufika kwenye jina. Si wewe uliyesema herufi zangu zimepangana kama malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Ruzizi? Basi, bado zinangoja. Mtu akijaza karatasi za forodha miaka yote hiyo, hata salamu zake hutoka zimepigwa muhuri.

Noeli imepita, mvua imetulia kidogo, na leo ziwa linaonekana mpaka kisiwa cha Nkombo. Nilitaka kukuandikia tangu siku tulipokusindikiza makaburini, lakini kila nilipoanza niliona naandika ripoti. Sasa nina habari.

Kwanza piano yako. Iko kwangu Gihundwe, sebuleni, pale lilipokuwa kabati la vyombo. Wanaume walioipandisha kilima walinitukana kwa heshima kubwa. Mke wangu anasema nimeoa mke wa pili, mzito kuliko yeye, na huyu akipigwa ndiyo kwanza anaimba. Wanafunzi wako wanakuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Niliwaambia mimi ni mwalimu wa muda tu. Wakaniangalia kwa huruma, wakasema wanajua. Kuna yule binti mwenye pengo, nikikosea ananiambia, "Hapa Maman Béa angecheka." Kisha anacheka kwa niaba yako.

Nami sikatai. Nilikuja kwako kumwandikisha mwanangu Divine masomo ya piano, Divine akachoka baada ya wiki chache, mimi nikabaki. Mzee mzima, tumbo limegusa piano kabla ya vidole. Ulinisikiliza mara moja ukasema, "Papa Divine, weye unapigaka sawa muntu wa dwane. Pa! Ingine! Pa! Ingine!" Katika miaka yangu yote ya kupiga mihuri forodhani, sijawahi kutukanwa kwa usahihi namna ile.

Ilikuwa Desemba ya mwaka ule. Ulinisogeza pembeni, ukapiga ule wimbo wa Noeli wa polepole ambao kila mtoto wa Sunday school anaujua, lakini ukaupiga kwa jazi. Mkono wa kushoto ulitembea kama mama anayetoka sokoni kapu likiwa tupu, bila haraka. Wa kulia ulichelewa makusudi, ukaongeza sauti moja chungu katikati ya zile tamu, kama ndimu kwenye dagaa wa sambaza. Nilikaa pale nikasahau kwenda kazini. Ukanieleza ulivyousikia wimbo huo ukipigwa hivyo mara ya kwanza, msichana mdogo kule Bukavu, kwenye redio ya jirani: piano, gitaa nene la besi, na ngoma iliyopigwa kwa brashi kama mtu anayefagia uwanja asubuhi. Ulisema ulikuwa umeuimba wimbo ule maisha yako yote ukiwa umesimama wima, mikono ubavuni. Siku ile ulijua kwa mara ya kwanza kwamba mwenye kuuimba anaruhusiwa kufurahi.

Na watu wa kanisani walipokuambia ni muziki wa baa, jibu lako lilikuwa moja. "Yezu alizaliwaka mu zizi, hapana mu biro ya serikali." Kisha ukaendelea kupiga.

Sasa ngoja nikueleze.

Mwanzoni mwa Desemba Papa Célestin alikuja nyumbani. Unamjua Papa Célestin, rais wa kwaya: kabla ya kusema jambo lazima arekebishe kola. Alirekebisha mara mbili. Akasema kanisa linaniomba nipige Noeli hii, kwa kuwa hakuna mwingine. Unaona heshima niliyopewa. Halafu akasema, "Lakini mwaka huu tupige muziki mnyoofu, Papa Divine. Pasta ni mupya, hatujui anapenda nini. Na ile ya kuyumba-yumba ilikuwa ya mwenyewe. Mwenyewe alishaenda."

Mwenyewe alishaenda. Maman, hakusema kwa ubaya. Na wewe pia ulikuwa unampenda, ingawa ulidai anaimba besi kama mlango. Lakini baada ya kuondoka kwake nilikaa mbele ya piano, sikupiga kitu. Niliona wazi kwamba Noeli moja ingetosha. Tukipiga mnyoofu mwaka huu, mwakani hakuna atakayekumbuka kuwa palikuwa na namna nyingine. Ungekuwa umeondoka mara ya pili, na safari hii mimi nikiwa nimekalia kiti chako.

Kesho yake nilimfuata kwenye duka lake Kamembe, nikajadiliana naye kama nilivyozoea kujadiliana na madereva wa Bugarama kuhusu mchele. Tukafika mahali. Ubeti wa kwanza na wa pili, mnyoofu. Ubeti wa tatu, wako. Yeye atakuwa anamtazama pasta, maana kutoka kwenye besi anamwona vizuri. Pasta akikunja uso, Papa Célestin atakohoa, nami nitarudi kwenye unyoofu palepale kama vile hakuna kilichotokea.

Mazoezi yalikuwa msiba. Samahani kwa neno. Nilitaka wapige makofi kwenye pigo la pili na la nne, wao wakapiga kwenye kila pigo, kama watu wanaofukuza kuku. Nikaeleza ubaoni. Wakaandika. Wakapiga vilevile. Nikiwaachilia kidogo, batenori wanateleza kwenye rumba, na ukishaingia kwenye rumba na watu waliotoka Bukavu kama wao hutoki mpaka mtu aite chakula.

Ndipo nikakumbuka jikoni kwako. Hukunifundisha pigo la pili kwenye piano. Ulinipa mchi. Sombe, majani ya muhogo, ikiwa kwenye kinu, wewe upande huu, mimi upande ule: wako ukipanda, wangu unashuka. "Weye ingia pale miye natoka," ulisema, na ukaanza kuimba Noeli juu ya mdundo huo. Nilikugonga mchi mara kadhaa. Majirani walikuja kuangalia mwanaume anayetwanga.

Nikawaambia wanakwaya. Maman Furaha, yule sauti ya kwanza anayeuza sambaza, akasema, "Hiyo siamini mpaka nione." Basi nilisimama mbele ya kwaya nzima, tai shingoni, nikatwanga hewa. Yeye akatwanga hewa upande wa pili. Wengine walicheka mpaka wakaegemeana, lakini mikono yao, Maman, mikono yao ilikuwa imeshaanza. Nusu wanatwanga, nusu wanapiga makofi pale mchi wa pili unaposhuka. Walikuwa wanajua tangu utoto. Tulichofanya ni kuacha kuwaeleza.

Siku ya Noeli kanisa lilijaa mpaka nje. Na Papa Célestin alikuja na mafua.

Mafua ya kweli, ya mvua ya Desemba, pua nyekundu na kitambaa mkononi. Alikohoa wakati wa matangazo. Alikohoa wakati wa sala. Ubeti wa kwanza akakohoa mara nyingi hata sikujua nifanye nini, maana nilikuwa mnyoofu tayari, ningenyooka zaidi vipi? Ubeti wa pili hivyohivyo. Nikaona imekwisha. Nikiingia kwenye ubeti wako, kikohozi cha kwanza kitanirudisha, na sitajua kama ni cha pasta au cha kifua.

Niliingia. Mkono wa kushoto ukatembea hatua chache, ukajikwaa. Nilisahau sauti ya ndimu kabisa, nikaweka nyingine ambayo haijulikani katika dini yoyote. Lakini makofi hayakusimama. Kina mama walikuwa wananishikilia, pale, na pale, na pale, nikapata mahali pa kuweka mguu. Nikachelewa kidogo makusudi. Nikauacha wimbo utangulie.

Nikamtazama Papa Célestin. Alikuwa amejaza kitambaa mdomoni kwa mikono yote miwili. Uso umekuwa kama nyanya, mabega yanaruka, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Alikuwa anazuia, Maman. Mtu yule alikuwa anakufa kwa kikohozi na hataki kukitoa, ili nisiache kupiga.

Sikumjali pasta tena. Tulimaliza ubeti.

Nje, watu wakipeana mikono, pasta alikuja na kuniuliza kwa nini kile kipande cha mwisho kilikuwa kifupi hivyo. Papa Célestin, kabla sijafungua mdomo, akarekebisha kola akasema, "Pasta, nilimwambiaka arefushe." Kisha akakohoa mpaka ikabidi tumkalishe kwenye benchi. Nilipompelekea maji, alifuta macho akasema ni mafua. Nikasema naona. Tukakaa. Baadaye akaongeza, akitazama upande wa ziwa, "Ilikuwa sawa iko pale." Alikuwa anakusema wewe, kana kwamba ulikuwepo.

Ningependa kukuambia nilipiga vizuri. Nilipiga vibaya, na watu walirudi nyumbani wakitembea kwa mdundo ule kwenye matope, viatu mkononi. Mimi niliwafuata nyuma nikiwasikia.

Pumzika, Maman Béa. Usiwe na wasiwasi na piano, tunaifunika mvua ikivuja, na Jumamosi inacheka. Nakuahidi hivi: nitapiga vibaya kila Noeli, beti zote, bila kuomba ruhusa, mpaka ifike ile nitakayopiga vizuri. Na hiyo ikifika, binti mwenye pengo ndiye atakayenijulisha, maana mimi sitajua.

Mwanafunzi wako wa dwane,
Papa Divine