Simu ya Kioo na Vidole vya Shangazi Pasi

KIKAO CHA SABA CHA USHIRIKA WA MAFUNDI CHEREHANI

Tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi wa suti), Shangazi Pasi (mpiga pasi na mpokea simu), Fundi Suruali, Katibu (fundi wa magauni)
Hakuhudhuria: Fundi Mapazia, kwa taarifa, anauguza mtoto

KUMB. NA. 1/7: KUENDELEA PALE TULIPOACHIA

Kwa hiyo, kama wajumbe walivyokuwa wakibishana tangu mlangoni, simu ya zamani ya vibonyezo imekufa na haifufuki, na ushirika umenunua mpya ya kioo cha kugusa. Mwenyekiti aliomba ubishi uingie ndani uketi kama watu wengine. Kwanza alimpongeza Katibu kwa ndoa yake, ambayo haijamaliza hata mwezi. Katibu alishukuru na kueleza kwamba ana furaha isiyo na kifani. Alipofika kwenye chai anayoandaliwa na mume wake kila asubuhi, Fundi Suruali alisema, "Tumeshajua, Katibu, hata kupumua anapumua vizuri. Twende kazini."

KUMB. NA. 2/7: SIMU MPYA

Mwenyekiti alieleza kwamba Jumanne mteja wa magauni ya harusi alipiga mara tatu, na mara zote simu ikakatwa. Mteja alidhani anadharauliwa, akapeleka kitambaa kwa mafundi wengine.

Shangazi Pasi, aliyekuwa akinyoosha kola wakati wote wa kikao, alikubali kwamba simu alikuwa nayo yeye. "Naibonyeza mpaka kidole kinauma, yenyewe inalia tu. Nikibahatika kuikamata, inakata." Alionyesha ncha za vidole vyake, ambazo pasi imezifanya ngumu kama kwato. Kioo hakizitambui.

Fundi Suruali alipendekeza simu akae nayo yeye, kwa kuwa ana uzoefu wa kioo.

"Uzoefu upi, mwanangu?" Shangazi aliuliza. "Ile ya zamani nilikuwa naipokea macho yangu yakiwa kwenye pasi, kidole kinajua chenyewe pa kubonyeza. Hii inataka uitazame usoni kama mchumba. Wewe umeitazama yako mpaka ukashona mfuko mdomo chini!"

Fundi Suruali aliomba mfuko usiandikwe kwenye kumbukumbu. Ombi halikupata wa kuliunga mkono.

Shangazi aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba tangu afiwe na mume wake, mazungumzo yake ya siku ni hao wateja, na wengine hupiga kumsalimia tu. "Mkiniondolea hiyo simu, nitabaki naongea na pasi." Hakuna mjumbe aliyecheka.

KUMB. NA. 3/7: MAJARIBIO

Katibu alieleza kwamba hata yeye alikuwa akikigonga kioo kama anayebisha hodi, hadi mume wake alipomshika mkono na kumwonyesha kwamba kidole hutelezeshwa polepole, kama unamfuta mtu chozi. Siku hizi hukuza picha ya mume wake kwa vidole viwili hadi macho yake mazuri yanajaa kioo chote. Mwenyekiti aliuliza kama hayo yote yanahitajika. Katibu alisema yanahitajika.

Katibu aliipigia simu ya ushirika papo hapo. Ncha ya kidole cha Shangazi iliteleza. Simu ikaendelea kulia.

"Jaribu pua, Shangazi," Fundi Suruali alisema.

Shangazi aliinama akajaribu pua. Simu ilipokelewa. Kicheko kilichukua muda. Ndipo Mwenyekiti akasema kwamba basi kioo kinataka ngozi laini tu, ajaribu kifundo cha kidole. Katibu alipiga tena. Shangazi aliisimamisha pasi, akatelezesha kifundo polepole, akasema, "Haloo, mafundi hapa. Nikusaidie nini, mpenzi?" Katibu alilia kwa furaha, simu ikiwa sikioni.

Iliazimiwa kwamba Shangazi Pasi aendelee kupokea simu, na pasi isimamishwe kwanza kila inapolia. Fundi Suruali aliunga mkono. Mwenyekiti atamwomba radhi yule mteja, ingawa kitambaa hakitarudi.

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO

Shangazi alisema kupokea ameweza, lakini kumpigia mtu bado, na hataki kujifunzia mbele ya Fundi Suruali.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, simu ilipolia kweli na Shangazi akaipokea mwenyewe.

Mwenyekiti: (sahihi)

Katibu: (sahihi). Shangazi, nimeshamwambia mume wangu. Tutakuja kwako sote wawili kukufundisha kabla mwezi haujaisha, na utampigia simu yeyote umpendaye.