Mwenyekiti na nyuzi zangu za besi

Kaka, uko? Mwenyekiti wa bendi kanibadilishia nyuzi za gitaa langu la besi bila kuniuliza!

Napanda jukwaani, nagusa, zinakwaruza vidole kama msasa. Nikisogeza mkono, kwiii! Watu wakacheka. Kwiii, kaka, mbele ya watu!

Namuuliza za zamani ziko wapi. "Mzee, zile zilishachoka, nimezitupa." Nimezitupa! Hawa wakubwa kazi yao kutupa vya wenzao.

Mara ya mwisho zilichemshwa na marehemu mke wangu, zitoke uchafu. Akanitania, "Baba watoto, supu yako ya chuma imeiva."

Nimewaachia onyesho lao. Nimepekua pipa la taka mpaka nikazipata.

Sasa ziko jikoni, kwenye sufuria yake. Zinachemka, kaka, na hakuna wa kunitania.