Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 9 Machi 1953

Umefika! Lori limeushusha uani asubuhi — mlango wa pande mbili, wa vioo, umeshafungwa ndani ya fremu yake, bawaba na kila kitu. Mume wangu Herman kaununua kwa Mzungu aliyekuwa anabomoa nyumba yake mgodini. Nimeuzunguka mara tatu.

Baba mkwe anakuja Jumamosi kutoka Ushetu. Kifua kinamsumbua, atatibiwa hapa Geita. Nyumba yetu ina mlango mmoja, na kwao mkwe na mkamwana hawapishani mlangoni, hata kwa bahati mbaya. Mwaka jana alilala ghalani kwa ajili yangu! Safari hii mume wangu kasema wazi: mlango wa nyuma usipokaa, nitakwenda kwetu Uzinza mpaka mzee apone. Apone lini? Na nani ataniita nirudi? Naogopa.

Jumanne, 10 Machi

Fundi Salehe anabomoa ukuta. Vumbi la matofali mpaka kwenye uji. Nimemwuliza kama amepima vizuri. Akajibu: nimepima, Mama Donatus, tulia.

Nitatuliaje?

Jumatano, 11 Machi

Hauingii! Salehe amezoea kusimamisha fremu kwanza, kisha anajenga matofali kuifuata. Mlango unaokuja na fremu yake hajawahi kuuona. Kapima mlango, fremu kaisahau. Sasa anakata matofali upya, na lawama zote kazitupia tanuri lililoyachoma.

Alhamisi, 12 Machi

Umeingia, kwa nyundo na kelele. Nilimwambia aache nafasi kidogo, aweke kabari, ndivyo walivyofanya misheni nilikosoma. Akacheka — fundi ni nani hapa? Akashindilia udongo mbichi kila upande.

Lakini unafunguka! Nimeufungua na kuufunga mara kumi. Mboga imeungua. Nimefurahi hivyo hivyo.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Udongo umeibana fremu, mlango umekwama. Herman kausukuma kwa bega, kioo kimoja kikapasuka. Kaliteremsha sanduku langu kutoka juu ya kabati, kaliweka kitandani.

Jumamosi, 14 Machi

Lori linalomleta baba mkwe lilikuwa lifike jioni. Limefika saa sita! Herman yuko kazini. Mimi niko ndani, Donatus mgongoni. Mzee yuko mlango wa mbele, mvuani, kajifunika blanketi. Haingii nikiwa ndani. Na mimi sitoki bila kumpita bega kwa bega, mlango unatokea kwenye uchochoro mwembamba. Jirani kamkaribisha kwake, kakataa, eti yeye hakuja kwa jirani.

Nyuma Salehe anahangaika na mtaimbo. Dakika mbili tu, Mama Donatus! Sasa saa saba.

Mzee anakohoa. Kila akikohoa nasimama, nakaa. Naandika ili mikono itulie.

Salehe kazunguka mbele kumwomba radhi. Nimesikia mzee akimjibu kwa sauti ya kunifikia: mwambie mwenye nyumba nimefumba macho, apite.

Mwenye nyumba — mimi!

Nimechungulia. Kweli kafumba. Kajibana kwenye mhimili, uso kaugeuzia ukutani, maji yanamchuruzika shingoni. Nimejitanda khanga mpaka kichwani. Nikipita, nguo yangu itamgusa, hapana nafasi. Nisipopita ataendelea kulowa hivyo hivyo.

Kakohoa tena. Macho bado kayafumba. Naenda —