Mapipa Manane Yaliyooshwa

Ghala la Tokumaru,
Shodoshima, Kagawa.
3 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Norihisa,

Tarehe 28 Desemba mwaka jana tulipoteza mapipa manane kati ya kumi. Nimelitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu barua zangu mbili zilizopita nilizianza kwa adabu, na kwa majibu uliyonipa inaonekana uliishia kusoma adabu tu.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi Chisato aliniambia kwenye simu kwamba ulitetereka ukicheza gofu na wanunuzi wako hapo Düsseldorf. Pole sana. Baba alibeba magunia ya chumvi mpaka umri wa miaka sabini na moja na mgongo wake haukuwahi kulalamika, lakini basi, yeye hakucheza gofu.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mvua za Juni zimeanza, maua ya ajisai yamefunguka kando ya ukuta wa ghala, na magoti yangu yamenikumbusha kwamba nina miaka sitini na mbili. Shemeji yako Shigeo ni mzima, anapalilia miti yake ya ndimu za yuzu na kuisemesha kuliko anavyonisemesha mimi. Mama anakula vizuri na kulala vizuri kwa mtu wa miaka themanini na minne. Kuna jambo moja tu juu yake, nitalifikia.

Najua wewe ulipewa hadithi ya siku ile na Bwana Igarashi, yule mtaalamu wa chapa uliyemtoa Osaka. Sasa isikie kwa aliyekuwapo. Mimi nilikuwa Tokushima, milimani, nikigombania yuzu za mwisho za msimu za kukamulia kwenye mchuzi wenu nipate ponzu yangu. Nilirudi na feri ya mchana. Ghala letu unalijua, harufu ya mchuzi wa soya unaochacha hukupokea ukiwa bado mtaa wa pili. Siku ile nilifika hadi mlangoni bila kupokewa na chochote. Nilipofungua, palinuka kama zahanati.

Igarashi alikuwa katikati ya ghala na buti nyeupe, na vijana wanne wa kampuni ya usafi, na mashine ya kurusha maji ya moto. Kuta zilikuwa nyeupe. Boriti zilikuwa za manjano kama mbao zilizonunuliwa jana. Mapipa manane tuliyoyakamua Novemba, yaliyokuwa yakingoja kujazwa upya, yalikuwa yamekwanguliwa ndani na nje.

"Dada mkubwa, karibu!" akasema. "Usingelitambua, au siyo?"

"Nisingelitambua kweli. Nani kakuruhusu?"

"Mwenye mali kasema ping'ae kabla wapiga picha wa Ujerumani hawajafika. Kulikuwa na uchafu mweusi humu, dada, unene wa kidole! Wazungu wangekimbia."

"Huo uchafu ulikuwa hai, ndio uliokuwa unapika mchuzi. Wewe ulidhani ni mimi?"

Akacheka. "Dada una utani wewe."

"Asubuhi umekula nini?"

"Mimi? Chakula cha hoteli tu. Wali, samaki, natto."

Natto, Norihisa! Ndani ya ghala la koji! Mtoto wa darasa la kwanza kisiwani hapa anajua kwamba mtu aliyekula yale maharage ya utelezi haingii kwa watengeneza mchuzi, maana kijidudu chake kikiingia humfukuza koji, ukungu wetu wa kuchachulia, kama kunguru anavyofukuza vifaranga. Mimi na wewe hatukuonja natto hadi tulipotoka nyumbani kwa Baba. Wewe, mrithi wa Tokumaru, umeajiri mtu aliyekuja nayo tumboni.

Hapo Mama akaingia na sinia la matonge ya wali.

"Kiyoe, mbona umesimama kama nguzo? Wape vijana chai. Wamechapa kazi hasa."

"Mama, wameosha mapipa."

"Nori ndiye kasema. Kasema mwaka huu usafi wa mwisho wa mwaka ufike na ghalani." Akatazama juu kwenye boriti. "Pamekuwa peupe, eeh?"

Nataka uelewe ulichomfanyia. Mama aliolewa humu akiwa na miaka ishirini na miwili. Kila Desemba aliosha nyumba hii kuanzia dari hadi matundu ya milango ya karatasi, kama kila mke nchi hii, na kila Desemba bibi alimsimamisha kwenye kizingiti cha ghala na kumwambia ufagio unaishia hapo. Miaka sitini na miwili hakuvuka na kitambaa mkononi. Akapiga simu mwanawe wa kiume, kichwa cha ukoo, akasema vuka. Akavuka. Hata wale vijana aliwapikia.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imeua, ila haikumwua nyoka.

Nilikupigia saa ile ile. Nakumbuka maneno yako yote, maana yalikuwa machache: "Dada, usikuze mambo. Pipa ni mbao. Mbao ikioshwa inakauka." Mtoto wa kizazi cha tano wa watengeneza mchuzi ndiye aliyesema hivyo. Mchuuzi wa vijiko angenijibu kwa akili zaidi.

Januari na Februari tuliyajaza mapipa yale manane kama kawaida, soya, ngano, koji, maji ya chumvi. Nikasema labda nimekuza mambo kweli. Tukangoja joto. Mwezi Mei, unakumbuka, moromi, lile rojo la soya, huanza kuimba. Ukiweka sikio kwenye pipa unasikia vipovu vikipasuka kama mvua juu ya majani. Mapipa mawili ya kaskazini, ambayo yalinusurika kwa sababu tu yalikuwa yamejaa na kufunikwa, yanaimba. Yale manane yako kimya. Uso wa rojo umeota utando mweupe, na harufu yake ni ya soksi za mwanafunzi. Nililionja pipa la tatu juzi. Lina chumvi, lina uchachu, basi. Linafanana na chupa ya dukani ya bei ya chini kabisa, na hiyo angalau haingojwi miaka miwili.

Na hili ndilo jambo la Mama. Kila asubuhi, kabla ya kumwekea marehemu Baba ubani, anaingia ghalani na kiti chake kidogo. Anaweka sikio kwenye pipa la kwanza. Kisha la pili. Anazunguka yote manane. Akirudi mezani namuuliza, "Mama, vipi?" Anasema, "Leo kuna baridi, huenda yamelala." Tuko Juni, jasho linatutoka.

Sasa tuje kwenye biashara yako, maana najua ndiko unakokimbilia ukibanwa. Nimeipokea picha ya bidhaa zako mpya. Kuna mchuzi wa soya wa kupulizia kama manukato. Kuna mchuzi wa soya uliogandishwa kuwa vidonge vyeusi vya kutupia juu ya samaki. Kuna mwingine ulioungwa asali na uyoga wa bei mbaya, kwenye chupa ambayo ningeona aibu kuiweka hata msalani. Na kwenye lebo umeandikisha: "Miaka mia na thelathini ya uhai ndani ya mbao." Wewe! Wewe uliyeumwagia uhai huo maji ya moto na kulipia kazi hiyo!

Usiseme dada yako hajui soko. Baba alikupa ghala kwa kuwa ulizaliwa mwanamume. Mimi alinipa kimono na sufuria mbili. Kwa hizo sufuria mbili nimefika chupa elfu arobaini na moja za ponzu kwa mwaka na waajiriwa kumi na mmoja, na sijawahi kumpulizia mtu mchuzi usoni. Wiki iliyopita nilisimama dukani Takamatsu nikahesabu rafu. Mchuzi wa soya mtupu, aina tisa, rafu ya chini kabisa, wateja wanainama. Michuzi ya saladi, ya nyama, ya tambi, ya kuchovya, ya ufuta, aina sitini na nne, usawa wa macho. Kwa hiyo unaposema watu hawanunui tena mchuzi mtupu, uko sahihi. Mabibi harusi wa siku hizi hata chupa yake hawana mezani. Lakini hizo sitini na nne zimesimama juu ya nini? Geuza chupa usome. Kwa nyingi, cha kwanza ni mchuzi wa soya. Mtu anayebomoa msingi kwa sababu wapangaji wanakaa ghorofani, mimi sina jina lake la kuandika kwenye barua ya familia.

Ninachokitaka sasa. Wewe umeweka sahihi kwamba mapipa mawili ya kaskazini yatakamuliwa Jumatatu tarehe 23 Juni, yote mawili, yaende kwa wanunuzi wako. Mimi nataka moja lisiguswe.

Usiniambie nichukue ndoo moja. Nimeshapiga hesabu, wewe chukua karatasi uifuate. Pipa moja lina lita elfu tano na mia nne. Ili kurudisha uhai kwenye pipa lililokufa, nahitaji kuchanganya sehemu moja ya kumi ya moromi iliyo hai, yaani lita mia tano na arobaini. Mara mapipa manane ni lita elfu nne mia tatu na ishirini. Zinabaki elfu moja na themanini, na hizo ndizo za kulifanya pipa lenyewe lisikauke mpaka majira ya baridi. Hakuna lita ya kuchezea. Ukikamua yote mawili mwezi huu, ifikapo Januari ghala zima litakuwa mbao tupu kuzunguka rojo lililooza, na hapo hata ukiniletea Igarashi watano, tutakuwa tunatengeneza maji ya chumvi ya rangi.

Utaniuliza kwa nini nisilizuie mwenyewe, niko hapa. Nilijaribu. Nilimwambia Mama tusiwafungulie mlango wakamuaji. Akanijibu bila kunitazama: "Ghala ni la Nori. Niliposikiliza simu yake Desemba sikuuliza. Nikianza kuuliza leo, ina maana Desemba nilikosa." Wewe ungemwambia nini? Hataki neno langu, anangoja lako. Ukimwambia "kamua", atawapikia wakamuaji matonge ya wali, kisha asubuhi atachukua kiti chake na kwenda kusikiliza mapipa kumi badala ya manane.

Wanunuzi wako wape pipa moja. Waambie mavuno yamekuwa haba, pandisha bei. Watu wanaopulizia chakula mchuzi watapenda zaidi kusikia umekuwa adimu. Kazi hiyo unaiweza.

Na ujue upande wangu. Theluthi moja ya mchuzi wa Tokumaru hununuliwa na mimi, dada yako, kwa bei kamili, bila kuchelewa hata mwezi mmoja tangu nianze. Pipa la kaskazini likikamuliwa, chupa zangu za Julai zitatoka bila jina la Tokumaru, na sitalirudisha. Nimeshaongea na mpiga chapa. Sikutishi, nakuarifu kama ninavyomwarifu mteja yeyote.

Shigeo anakusalimu, anasema ukija atakupa yuzu, ukija. Msalimie wifi Chisato, mwambie soksi za sufu alizotuma, Mama hazivui hata wakati wa mvua. Mbusu Rinka kwa niaba yangu, mwambie shangazi yake anataka aje likizo asikie pipa linavyoimba, kama bado litakuwapo la kusikia. Baba, babu na wote walio kwenye altare ya nyumbani wakulinde huko uliko. Nimewawashia ubani kwa jina lako pia, maana najua wewe hukuwasha.

Sasa nijibu. Usinitumie picha, usimtume Igarashi, usiniandikie kwamba utalitafakari. Mpigie Mama, kwa sauti yako mwenyewe, na umwambie pipa gani lisiguswe. Nakupa hadi Ijumaa tarehe 20 Juni, saa sita mchana ya huku. Kwako itakuwa alfajiri, weka kengele. Nitakuwa nimekaa na Mama kando ya simu. Linabaki au linakamuliwa?

Dada yako, ambaye bado anakupenda japo hajapata nafuu,

Kiyoe