Mzee Anayekufa Mapema

Observatory, Jumapili, Juni 2017

Leo tena yule mzee wa sinema za zamani, mwenye masikio makubwa. Jumapili iliyopita alikuwa mpishi wa meli, kabla ya hapo padri. Kila sinema yumo, na kila mara anakufa mapema ili staa apate sababu ya kulipiza kisasi. Mbona hawakumwacha afike mwisho hata mara moja?

Leo alikuwa mlinzi wa benki. Nikataka kubadilisha chaneli. Baba Furaha alikuwa anafunga buti za kazi, na lile duka analolinda kule Fordsburg lilivamiwa mwezi jana, kwenye zamu ya mwenzake.

"Acha," akasema, "tuone leo anaanguka namna gani."

Risasi moja tu. Mzee akaanguka vizuri, kofia ikabingirika. Baba Furaha akacheka, akavaa koti, akatoka.

Eish, kicheko kile kiliniudhi.

Furaha alilidaka jina la mzee kwenye maandishi ya mwisho, akamtafuta kwenye simu, akanisomea. Kumbe alianza kama mwalimu wa shule. Mke mmoja maisha yote. Alikufa mzee kabisa, usingizini, kwenye kitanda chake.

Sijui kwa nini nimefurahi hivi kwa mtu nisiyemjua. Nikamwandikia Baba Furaha habari hiyo kule kazini, hiyo tu.

Amejibu sasa hivi: "Mama Furaha, nimeelewa. Na mimi nitafia kitandani. Lala."