Isipelekwe kwa Wazazi

Nyumbani kwa dada yako,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Nikianza na hayo mengine Mama atasema si yeye aliyenilea. Hujambo? Goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi, au bado unapanda kama mzee na umri wenyewe ni wa kijana? Mkaza mjomba hajambo? Binamu zangu wanaendeleaje na shule? Sisi huku wazima. Mama alishikwa na homa wiki mbili zilizopita, lakini sasa amerudi kwenye cherehani yake na kwenye ukali wake, kwa hiyo tunajua amepona kweli.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndani ya bahasha hii mna karatasi ambazo lazima uzishike kwa mkono wako. Ya pili, mwaka juzi nilipokupigia kukuambia nimepata kazi ya ukarani katika ofisi ya chama cha skauti, ulinipongeza, kisha simu ikakatika, na nadhani haikukatika yenyewe. Sikulaumu. Naomba tu safari hii usome mpaka mwisho.

Chama kinafilisika, Mjomba. Watu wazima zaidi ya mia moja wamekwenda mahakamani kusema waliumizwa utotoni wakiwa mikononi mwa chama. Wako waliopigwa, wako waliovunjika, na wako walioumizwa kwa namna ambazo nikizipiga chapa hutoka kwanza nje nivute pumzi. Naamini wanasema kweli. Barua za mama zao zimo kwenye makabati yetu, zimegongwa mhuri wa kupokelewa na hazikujibiwa. Chama hakina uwezo wa kuwafidia wote. Mahakama imemweka mfilisi, na baada ya hesabu zake itaamua: ama kiwanja cha kambi kiuzwe na chama kibaki, ama kila kitu kiuzwe na mlango ufungwe.

Vijana wa mfilisi wamepita wakibandika namba kwenye kila kitu. Mahema, ngoma, makabati, hata birika la chai. Kiti changu ni namba 212. Tarishi wetu, ambaye tunamwita Stempu, ameniambia nisikae sana mahali pamoja, nitabandikwa na mimi. Tulicheka, kisha kila mmoja akainamia meza yake.

Kinachonichosha zaidi ni simu. Wazazi wanauliza kama kambi ya likizo ipo. Mama mmoja muuza mboga ameshamnunulia mwanawe viatu vya kambi, na kila Jumatatu ananiuliza avirudishe dukani au asivirudishe. Nimeagizwa nijibu kwamba tutawajulisha. Nimelisema neno hilo mara nyingi mno, hata juzi mdogo wangu aliponiuliza chakula kitaiva saa ngapi, nusura nimjibu hivyo hivyo.

Najua wewe huna sababu ya kukihurumia chama hiki. Lakini ningekuwa mnafiki nisipokuambia kwamba mimi nakihurumia. Kikosi ndicho kilichonifundisha kusimama mbele ya watu nikataja jina langu bila kutetemeka. Wako watoto elfu moja na mia moja kwenye vikosi leo, na hakuna hata mmoja wao aliyemkosea mtu. Na mshahara wangu, kama ujuavyo, ndio ada ya mdogo wangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilivyosimuliwa tangu utoto ni kwamba ulipokuwa na miaka kumi na minne uliacha taa ya mafuta ikiwaka ndani ya hema la akiba, kambini kando ya mto. Hema likateketea, na mkono wako ukaungua nalo. Ndipo ukavuliwa skafu ya skauti na kufukuzwa kikosini mbele ya wazazi wote, ngoma ikipigwa, na Babu amesimama mstari wa mbele. Nyumbani kwetu mtoto akisahau jiko huambiwa asifanye kama mjomba wake. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mdogo wangu maneno hayo. Nisamehe.

Jumatano iliyopita Katibu wa chama alituagiza tupange makaratasi ya zamani. Yaliyozidi miaka ishirini yaende kwa muuza vitumbua wa pale kona, akafungie biashara yake. Hakuwa na nia mbaya, mfilisi anataka vyumba viwe vitupu. Lakini mimi kwa woga wangu siwezi kutupa karatasi ambayo sijaisoma. Stempu alikuwa ameshamaliza maboksi matatu, mimi niko kwenye la kwanza, na ananiuliza kama naisomea mitihani.

Humo nikaikuta ripoti ya kambi yenu, kwa mkono wa kiongozi wa kikosi, yule mwalimu wa ufundi aliyekwisha kufariki. Nakala yake unayo hapo, lakini nakuandikia maneno yake ili uyasikie kutoka kwa mtu wako: "Taa niliiwasha mimi, nikasinzia. Kijana aliungua mkono alipoingia kuniamsha. Hana kosa lolote." Pembeni, kwa wino mwingine, mkubwa mmoja wa wakati ule ameandika: "Isipelekwe kwa wazazi. Faili lifungwe." Niliangalia tarehe mara tano. Ripoti iliandikwa siku tisa kabla hujavuliwa skafu. Walikuwa wanajua, Mjomba. Walipokusimamisha pale walikuwa wanajua.

Niliipeleka kwa Katibu. Si mtu mbaya, ndiye aliyenipa kazi hii wakati hakuna aliyetaka karani asiye na uzoefu. Aliisoma, akavua miwani. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyepiga ngoma siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilijivunia kupewa ngoma." Nikamuuliza tufanye nini. Akaniambia, "Binti, umeshaiona. Hatuwezi tena kusema haikuonekana. Ila nipe mpaka Ijumaa."

Ijumaa ndiyo siku ambayo wazazi na viongozi wa vikosi walikuwa wanapeleka ombi lao mahakamani ili chama kisifungwe. Dai jipya kabla ya hapo lingetuzidishia mzigo. Nami nikampa mpaka Ijumaa. Siku mbili nzima karatasi yako ilikaa ndani ya kamusi yangu, mkobani, na mimi nikawa najibu simu za wazazi kama kawaida. Hili nakuambia mwenyewe kabla hujaligundua kwenye tarehe za mhuri. Niliogopa kazi yangu, na niliwahurumia wale watoto, na katika kuhurumia wengine nilikuweka wewe foleni kwa mara nyingine.

Ijumaa mahakama iliahirisha ombi kwa mwezi mmoja. Ikawa ni kungoja bure. Tulipotoka pale sikumuuliza Katibu tena, nilishika njia ya kwenda ofisi ya mfilisi. Alinifuata nyuma. Nilidhani anakuja kunizuia. Kumbe alikuja akaomba kiti, akaandika kwa mkono wake kwamba alikuwepo, alichokiona, na kwamba mkono wako ulikuwa bado umefungwa bendeji walipokuvua skafu. Mfilisi aliisaini ripoti kwamba ameipokea, nami nikadai anigongee mhuri kwenye nakala zote tatu. Alinitazama akasema mimi ningemfaa ofisini kwake. Sikujua kama nicheke.

Mjomba, siku ya mwisho ya kupokea madai ni tarehe 31 mwezi huu. Fomu nimeiweka ndani, na mahali pa kusaini nimepatia alama ya penseli. Sijaandika chochote zaidi ya jina lako, maana mengine ni yako. Naijua tabia yako ya kunionea huruma tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: usiache kudai kwa ajili ya kazi yangu. Wala usidai kwa kuwa nimekuomba. Chama kikifa, hakitakufa kwa sababu ulisema kweli. Mimi nitatafuta kiti kingine kisicho na namba.

Na hata usiposaini, ripoti imeshaingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Hiyo hakuna wa kuirudisha kwenye boksi.

Jana asubuhi nilimsomea Babu. Macho yake hayasomi tena, lakini masikio ni yale yale. Aliniambia nirudie, nikarudia. Akauliza tarehe, nikamtajia, akaiuliza tena. Kisha akasema polepole, "Aliniambia si yeye. Aliniambia mara tatu njiani tukirudi, na mara ya tatu nikamwambia akinyamaza atakuwa mwanamume." Akaomba fimbo yake, akaenda kusimama getini, na chai yake ikapoa. Mama alikuwa anashona, akaacha. Anasema yeye alikuamini siku zote, ila hakuwahi kulisema kwa sauti, na sasa anajua kwamba kuamini kwa namna hiyo hakukukusaidia kitu.

Mdogo wangu, yule mnayemwita Kifutio, anakusalimu na anauliza kama huko kuna baridi kweli au mnajisifu. Mama anamsalimu sana mkaza mjomba, na atampelekea kitambaa cha gauni kwa jirani anayesafiri mwezi ujao. Stempu anakusalimu ingawa hakujui, ndiye atakayeikimbiza bahasha hii posta kesho kwa rejista. Katibu hakuthubutu kutuma salamu.

Babu naye hakutuma. Amesema salamu hutumwa na mtu mwenye haki ya kusalimu. Amenituma swali tu: unamruhusu akupigie simu Jumapili moja, saa utakayotaja wewe? Na ameniagiza nisikubembeleze. Ukisema hapana, nimpelekee hiyo hapana kama ulivyoisema, nisiipunguze.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi mwema baada ya kuyasoma haya.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Karani.