Ukoko wa Mandari

Unguja, 2 Februari 1948

Baba yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Huku tu wazima, alhamdulillahi, na mtoto ameota meno mawili. Hofu yangu ni wewe. Tangu marehemu mama atutoke, kila barua waniandikia "hatujambo sote", nami huyo wa pili simjui ni nani.

Mtu aliyeshuka na meli ya juzi amenambia dirisha lako la Ndia Kuu halifunguliwi mpaka adhuhuri, na kwamba huna unayekula naye. Mume wangu Muhdhar asema ikiwa ni kweli atakuja mwenyewe kukuchukua, nyumba tuifunge, uje ukae nasi. Nambie kweli, baba.

Mwanao,
Swabaha


Mombasa, Ndia Kuu, 19 Februari 1948

Mwanangu Swabaha,

Marahaba, wewe na mumeo na huyo mwenye meno mawili. Mwambie babu yake anayo manne, ajitahidi. Hatujambo sote, ila goti la kushoto, na hilo halijapata kuwa upande wangu.

Huyo wa melini mwambie aache kuchungulia madirisha ya wazee. Mpweke ni nani? Jumapili tumekwenda mandari!

Serikali imefungua bustani ng'ambo ya Feri, mwendo wa kumfanya mtu amkumbuke Mola wake. Kufika, naona ni msitu ule ule tuliokuwa tukichanja kuni, sasa una ubao. Ndani mna benchi moja, kisima kisicho ndoo, na ndia iendayo kidogo kisha ikakata tamaa. Mlinzi wake, Kavumbi, ana kaptula ya serikali na hana cha kulinda. Nikamuuliza bustani yenyewe iko wapi. Akasema, "Mzee, ndiyo hii."

Tulikuwa kundi zima: Sheikhan na domo lake, Abdulghafur, Mwanatumu na binti zake, hata Sattar wa duka la nguo na mkewe Batul aliyeleta achari. Tukatandika mikeka, tukatega mafiga, nikapika pilau mimi. Kima wakashuka kututazama. Mmoja alizikodolea ndevu zangu hata nikaona haya kutomwamkia. Tulicheka mpaka jua likapinda.

Na ukoko, mwanangu! Ulikauka vizuri, mwekundu, wanukia bizari. Nikaukwangua wote, nikakaa nao kwenye lile benchi la serikali, nikautafuna polepole mpaka ukaisha.

Basi Muhdhar asijisumbue na safari. Kwenu nitakuwa mgeni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mgongo huu hauinami.

Babako,
Jamaldin


Unguja, 8 Machi 1948

Baba yangu,

Nakushika miguu. Goti lasemaje? Mtoto ana jino la tatu.

Barua yako nilimsomea Muhdhar. Akacheka, akasema mzee ana watu wake, tumwache. Nami nikacheka. Kisha nikaenda jikoni kupakua wali, nikafika chini ya sufuria, nikasimama na upawa mkononi.

Baba, nimekwenda mandari nawe tangu sijajua kutembea. Ukoko hugombewa. Sheikhan aliwahi kunikwaruza mkono kwa kipande, na Mwanatumu akiishikilia sufuria kama ameizaa. Wewe hukupata kuonja zaidi ya kilichobaki kuchani. Watu wote hao walikuwapo, na ukoko ukaula peke yako, wote, tena polepole?

Muhdhar sijamwambia kitu. Nambie mimi.

Mwanao,
Swabaha


Mombasa, Ndia Kuu, 2 Aprili 1948

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo.

Barua yako nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani, yasema vile vile. Mamako alikuwa hivi hivi. Hakupekua mifuko, alitazama sufuria.

Abdulghafur tulimzika mwaka jana, sikutaka kukuandikia na mimba yako. Sheikhan yuko Lamu kwa mwanawe. Mwanatumu miguu imemfungia ndani. Sattar nilimwalika, naye akaahidi kwa adabu kubwa kabisa, adabu ya mtu asiyekuja. Achari ni kweli, Batul aliniletea. Na kima ni kweli.

Nilipika pilau ya kundi, kwani ya mtu mmoja siijui inapikwaje. Kavumbi nilimkaribisha. Akala tonge mbili, akasema yuko kazini, akarudi langoni kulinda.

Jumapili nimekwenda tena, na sufuria ile ile. Kavumbi aliponiona nimejitwika peke yangu akaniuliza, "Mzee, hata leo wenzako hawaji?" Nikamwambia wako nyuma, wanavuka Feri. Maskini, akaacha lango wazi mpaka jioni.

Muhdhar usimtume. Ni mtu mwema, lakini mlango niliomwingizia mamako bibi harusi sitaki ufungwe kwa kufuli la mkwe, na kila Ijumaa kuna kaburi lake linaloningoja. Njoo wewe, uje na huyo wa meno. Siku chache tu, kisha uamue kuhusu mimi upendavyo, sitabisha. Nitabisha kidogo.

Pilau ya Jumapili niliigawa mtaani. Ukoko sikuugusa. Nimerudi nao chini ya sufuria, nimeufunika, uko jikoni. Usikawie, mwanangu. Ukoko ukikaa huwa mgumu, na wenye meno mko huko.

Babako,
Jamaldin